Jile Zisizo na Mifuko

Mimi ni fundi cherehani wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, na sioni haya kusema: nashona vizuri. Ndiyo maana ofisi moja ya Area 47, Lilongwe, ilinitafuta mimi. Walikuwa wanapeleka waangalizi kwetu Kongo, milima ya Uvira, kutazama kama pande mbili zilizosaini kunyamazisha bunduki zimezinyamazisha kweli. Wangeenda bila silaha, wamevaa jile nyeupe, vizibao visivyo na mikono, juu ya mashati.

Mchoro niliopewa ulikuwa na mifuko sita kifuani. Nilikasirika. Kwetu mwenye mifuko kifuani ni mwenye risasi. Mtoto akimwona kwa mbali anaacha sahani, anakimbia. Kijiji kikikimbia, nani atawaambia waangalizi aliyeanza kufyatua? Na mama yangu yuko kule. Ameshakimbia vita mara tatu, magoti yamekwisha. Mara ya nne ingemuua.

Basi nikashona jile zote bila mfuko hata mmoja. Sikumuuliza mtu.

Bwana wa ofisi alizigeuza mbele na nyuma. "Mama, redio wataweka wapi? Daftari je?"

"Mu mikono," nikamjibu. "Bantu baone mikono yao."

Akaniambia nizirudishe Dzaleka nikazishone upya. Nikaketi kwenye kiti chake cha wageni, nikakataa kuondoka. Kichwa kigumu ninacho, marehemu mume wangu alikijua. Nikamwambia aweke mifuko yake, halafu akahesabu nyumba tupu.

Mwangalizi mmoja, Mmalawi mzee aliyewahi kuwa askari, alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza. Akachukua jile moja, akaivaa, akajipapasa kifua kitupu. "Zikomo, amayi," akanishukuru kwa Kichewa. "Mimi ndiye nitakayepanda mlima ule. Naenda na hii." Bwana wa ofisi akazikunja zilizobaki, akaziweka pamoja na mizigo ya safari.

Wiki chache baadaye mama akanipigia simu.

"Baangalizi balikuja," akasema. "Mi sikukimbia. Nilibakalisha kwa benchi, nikabaambia yote niliona. Lakini bantu gani bale? Nimebapatia karanga, bakakosa pa kuweka! Fundi wao ni mujinga kabisa."

Nilicheka huku machozi yananitoka.

"Njo mi, mama," nikakiri. "Fundi njo mi."



"Basi," akasema, "ubakie mujinga vile vile."