Maabara ya Wageni

Kwa nini chumba kizuri kuliko vyote shuleni kilifunguliwa siku za wageni tu? Nilikuwa bado shule ya msingi nilipoanza kujiuliza swali hilo, na hadi leo nikinusa vanishi mbichi hunirudia.

Chumba chenyewe kilikuwa maabara ya sekondari ya kutwa iliyokuwa jirani na kwetu, upande wa Msambweni. Shule ilianza na madarasa mawili ya makuti, na kila mwaka matokeo yalipotangazwa iliburura mkia. Wazee wakasema kinachokosekana ni maabara. Mwishoni mwa miaka ya tisini ikaitishwa harambee. Wenye minazi walitoa nazi, mama na wenzake wakakaanga bajia za kuuza na kuteka maji ya kukorogea simiti, na baba, aliyekuwa mpishi hotelini Galu, akachangisha wenzake wa jikoni. Maabara ikasimama, ya mawe, na meza zinazonukia vanishi na makabati ya vioo yaliyojaa chupa zinazometa. Watu walikuja kuchungulia madirishani kama wanaomtazama bibi harusi.

Kisha ikatiwa kufuli.

Hakuna aliyeona ajabu. Kila nyumba ilikuwa na vikombe vya wageni, ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuvikaribia. Afisa wa elimu alipokuja, maabara ilifunguliwa, akaisifu, ikafungwa. Mwalimu wa Kemia aliendelea kufanya majaribio yake ubaoni. Hata moto wake ulikuwa wa chaki nyekundu.

Dada yangu Mwanatumu alikuwa kidato cha nne na alitaka uuguzi. Bila Kemia hakuna uuguzi, hilo nyumbani tulilijua sote. Aliyahifadhi majaribio kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura za Kurani, akiyasoma kwa sauti huku akikuna nazi. Nilipomwuliza mbona hawayafanyi kwa mikono, alinicheka, akasema nitakufa na maswali.

Siku ya mtihani wa vitendo alirudi akaketi jikoni. Mama alimmiminia chai, hakuigusa. Alikuwa amepewa bureti, ule mrija mrefu wa kioo wa kupimia dawa tone kwa tone, na mikono ikamtetemeka mpaka muda ukaisha. Alituambia hakuvunja kitu. Wala hakumaliza.

Matokeo yalipotoka, Kemia ilikuwa imemwangusha, na shule ilikuwa palepale mkiani. Wazazi wakaitwa mkutanoni. Mzee Bakari, mwenyekiti wa kamati, alisema vijana wameharibiwa na madisko ya Diani. Mwanatumu hakuwa ameliona disko hata mlango. Nilikuwa nimekaa miguuni pa mama, nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Shikamoo, babu. Kwani maabara ni ya nani?"

"Marahaba. Ni yenu, mjukuu wangu."

"Mbona haitumiwi?"

"Kwa sababu ni yenu. Mkiivunja, mtabaki na nini?"

Watu walicheka, mama akanifinya paja.

Chuo kikuu nililisimulia jibu lile kama kichekesho, na wenzangu walicheka vilevile. Siku hizi sicheki sana. Aliyebeba maji ya simiti kichwani hawezi kukitazama kioo kwa macho ya mtu aliyekikuta kabatini. Hata hivyo Mzee Bakari sijamsamehe, na sioni kwa nini nichague kati ya kumwelewa na kumlaumu.

Jambo moja tu sikuwahi kulitilia shaka, nami ninayetilia shaka kila kitu: kwamba dada alitetemeka kwa kuwa bureti ilikuwa ngeni mikononi mwake. Mwaka jana, tukichambua mchicha jikoni kwake Ukunda, alinisahihisha bila kuinua kichwa. Kila wageni walipotarajiwa, wasichana wa darasa lake ndio walioisafisha maabara, na onyo lilikuwa kwamba atakayevunja kitu atarudishwa nyumbani. Bureti ile aliyopewa kwenye mtihani alikuwa akiipangusa kwa leso tangu ilipoletwa. Hakuwahi kuruhusiwa kuitia hata maji.