Shangazi Alipoanza Kuomba Nafasi

Niliishi Uswisi miaka minne kabla ya kuhamia Birmingham, na nilitoka kule na koti zuri la baridi na tabia moja iliyonipotezea shangazi.

Katika jengo letu kule Basel, mashine ya kufulia ilikuwa moja, chini kabisa, na ukutani palibandikwa ratiba. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi, kila baada ya wiki mbili. Mwaka wa kwanza nilifua soksi Jumanne, nikazikuta mlangoni kwangu zimekunjwa vizuri, juu yake kikaratasi kisicho na tusi hata moja. Nililia. Mwaka wa tatu, vikaratasi nikawa naviandika mimi. Lugha yao nilijifunza kwa nyimbo za vijana za redioni, zile zinazoimbwa kwa lahaja ya mtaani. Jirani yangu, bibi mmoja mzee, alinikaribisha kwake kutazama mieleka kwenye televisheni: wanaume wanene wanashikana kaptura juu ya vumbi la mbao, kisha mshindi anampangusa mwenzake mgongo. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, lakini mwaliko aliutia kwenye sanduku langu la barua wiki mbili kabla. Nikaamini kwamba kumheshimu mtu ni kutomjia ghafla.

Birmingham nilipanga chumba juu ya duka la vitambaa, Stratford Road, Sparkhill. Nilikuja kwa sababu ya shangazi, dada wa marehemu baba. Yeye anakaa Hodge Hill, upande mwingine wa mji, peke yake tangu watoto wake waolewe. Alikuwa akipanda mabasi mawili kuja kwangu, siku yoyote, na chungu cha wali alichokifunga kwa kanga. Kengele hakuigusa hata siku moja. Aliinama kwenye tundu la barua la mlango wa chini akaita, "Hodi, wenyewe mpo?" ingawa alijua fika kwamba mwenyewe ni mmoja. Akiingia alivua viatu, akashika rimoti, na sisi wawili tukatazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili.

"Huyu mama mkwe mtazame macho," alisema siku moja. "Tungekuwa naye Tanga, mtaa mzima ungeshahama."

"Shangazi, ni mwigizaji tu."

"Mwigizaji ndiyo. Lakini macho ni yake."

Jumanne moja alikuja nikiwa katikati ya sura iliyokuwa imenishinda mwezi mzima. Nilikuwa naandika riwaya, na asubuhi ile sentensi zilikuwa zimeanza kuja zenyewe. Niliposikia hodi nilifumba macho. Nilishuka, nikampokea chungu, nikamwambia kwa sauti laini niliyojifunza kwa majirani wa Basel: "Shangazi, siku nyingine ukitaka kuja, unitumie meseji kwanza."

Alicheka. "Kumbe siku hizi unaonwa kwa zamu, kama daktari wa meno?"

"Si hivyo. Nipange kazi zangu tu."

"Haya, mwanangu. Nimeelewa."

Akatazama tamthilia mpaka mwisho, akavaa viatu, akaondoka. Nilirudi mezani nikijisifu jinsi nilivyolisema jambo lile bila kumuudhi.

Akatii. Meseji ya kwanza iliandikwa kwa uangalifu wa mtu anayeomba kazi: "Asalaam alaykum mwanangu. Alhamisi saa kumi una nafasi? Kama huna si neno." Nilikuwa na kikao cha waandishi Perry Barr, nikajibu kwamba labda wiki ijayo. Wiki ile ilipofika akaniuliza tena, nikasema labda baada ya sura hii. Mara ya tatu nilijibu baada ya siku mbili. Kisha hakuuliza tena. Zikabaki zile picha za maua na dua za Ijumaa anazomtumia kila mtu. Nami, Mungu anisamehe, niliona raha. Riwaya ilikuwa inakwenda. Ilikuwa riwaya juu ya mwanamke aliyewakumbuka watu wa kwao.

Idi ilipofika, sahani ya shangazi nilikabidhiwa na mwenye duka la chini, mama wa Kisomali aliyekulia Mombasa.

"Auntie yako ameiacha hapa," alisema. "Nikamwambia apande, mtoto yuko juu, si umesikia redio? Akakataa kabisa. Akasema leo si siku yake."

Nilipanda na sahani ile nikakaa nayo kwenye ngazi. Vileja vilivyokuwamo, vile vibiskuti vyake vya samli, vilikuwa bado vuguvugu.

Kesho yake nilikwenda Hodge Hill makusudi bila kupiga simu. Sahani hairudishwi tupu, kwa hiyo niliijaza tende. Nilibisha kama yeye, kwa mdomo. Alichukua muda. Akafungua, akanitazama, na kitu cha kwanza alichofanya ni kujishika kichwa kuona kama mtandio umekaa sawa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona hukuniambia? Ningejitayarisha."

Siku zote nilikaa naye jikoni, kwenye kigoda kilichovunjika pembe. Siku hiyo alinipeleka chumba cha mbele, akaniwashia taa, akaniletea chai kwenye vikombe vyenye mstari wa dhahabu, vile anavyowatolea wakwe. Akaniuliza habari za kazi. Nikamuuliza habari za tamthilia.

"Iliisha zamani," alisema. "Yule mama mkwe alitubu."

"Sasa unatazama ipi?"

"Sitazami. Peke yako hainogi."

Nilipoinuka kuosha vikombe, alinipokonya kwa upole. "Kaa, kaa. Utachafua nguo."

"Shangazi, mimi si mgeni."

"Najua, mwanangu," alisema, na akaenda kuviosha mwenyewe.

Mlangoni nilimwomba aje. Kesho, kesho kutwa, saa yoyote, asiniulize. Alinishika shavu akasema inshallah, kwa sauti ile tunayowapa watu tusiotaka kuwavunja moyo.

Siku hizi mchana sifungi mlango wa chini. Mwenye duka ananigombeza, anasema iko siku ataingia mwizi. Namwambia auache hivyo hivyo.