Leso Ndani ya Kengele

Juzi pale Soko la Toi mwuzaji wa vyuma kuukuu alitikisa kengele ya ng'ombe kuvuta wateja, nami nikasimama na nyanya zangu mkononi kana kwamba nimeitwa jina. Kengele niliyokua nayo mimi haikulia hata siku moja nyumbani kwetu.

Ilikuja na Kukhu, mamake baba, nikiwa darasa la tatu. Huko kwao magharibi wezi wa mifugo walivamia boma, wakachukua ng'ombe wao wa maziwa, na babu alipotoka kuwazuia wakamkata kwa panga. Hakupona. Baada ya matanga baba akamleta mama yake kwetu Silanga, Kibera, na alichobeba kilikuwa kikapu, jembe na ile kengele, iliyookotwa mtoni ambako wezi waliitupa. Walikuwa wameishindilia kitambaa ndani ili isilie wakimswaga ng'ombe.

Nilionywa nisimwulize Kukhu habari za kule. Jamani, kumwambia mtoto wa Kibera asiulize! Sisi tuliojua jirani amepika nini kabla hajaepua, maana ukuta wa mabati hauna siri. Nilikereka kweli. Kwa nini ameitundika kengele juu ya kitanda chetu? Kwa nini hakitoi kile kitambaa?

Kukhu hakuweza kukaa bure. Alipata kipande cha shamba kando ya bwawa, akapanda sukuma wiki na kunde, na nikitoka shule tulipalilia pamoja, harufu ya tope na ya makaa ya wauzaji wa njiani ikitujaa puani. Nikikata gugu juujuu alinicheka: "Hilo umelinyoa tu. Kesho litarudi na ndevu."

Lakini masika yalikaribia, na kila jioni yeye na baba walivutana.

"Mama, huendi. Hao watu hawajashikwa. Watakumaliza."

"Na shamba la babako liote msitu?"

Mimi nilikuwa upande wa baba. Nilimpenda Kukhu, na niliogopa wasije wakamkata naye.

Siku moja nilipanda kitandani nikachungulia ndani ya kengele. Kitambaa kilikuwa cha bluu, chenye maua ya machungwa, sawasawa na leso aliyojifunga Kukhu shambani. Sikuweza kunyamaza.

"Kukhu, mbona ulirarua leso yako?"

Aliifungua kiunoni, akaitandaza juu ya sukuma. Pindo zote zilikuwapo.

"Yangu si hii? Iko nzima."

"Sasa ile ya kwa kengele ni ya nani?"

Aliikunja leso, akajifunga tena. "Wewe mtoto una macho," alisema. "Babako asisikie." Akaendelea kupalilia.

Mwishowe alishinda. Likizo ya Aprili baba alitupeleka nyumbani. Jumapili ya kwanza Kukhu alivaa gauni lake zuri, kisha akajitanda ile leso ya shambani. Nilimwambia haifai kanisani, akacheka.

Baada ya ibada watu walikuja kumpa pole. Mama Nekesa, jirani waliyepakana naye shamba, alinyoosha mkono, mtoto akiwa mgongoni, kisha macho yake yakafika kwenye leso. Mkono ukasimama hewani. Kukhu akaushika mwenyewe.

"Mtoto amekua," alisema kwa upole. "Ile leso nilikupa akizaliwa, bado unambebea?"

Mama Nekesa aligeuka kumtazama mumewe. Huyo, aliyekuwa akicheka na wenzake langoni, aliacha kucheka. Kesho yake Kukhu alikitoa kile kitambaa kwenye kengele, akakifua, akakianika kwenye ua unaotazama kwa Mama Nekesa. Kabla ya wiki kwisha yule bwana alikuwa ameondoka, ati amekwenda kutafuta kazi. Niliuliza kwa nini, Kukhu akasema watu hutembea. Aliishi pale mpaka uzee, akilima, na ndama aliyemnunua baadaye aliivaa ile kengele.

Nilielewa nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Rafiki yangu wa Kawangware aliniletea leso. Leso huuzwa mbili mbili, na yeye alikuwa amezikata, moja yake, moja yangu, kama wanawake wafanyavyo kwa wapendwa wao. Nililia, naye akadhani ni uchungu wa uzazi.

Kumbe Kukhu alijua kile kitambaa kimetoka nyumba gani tangu kengele ilipookotwa. Alilala chini ya ushahidi ule nyumbani kwetu na hakumwambia mwanawe, kwa kuwa baba wa siku zile angechukua panga, na yeye alikuwa amekwisha kumzika mmoja. Mimi nilidhani baba ndiye aliyekuwa akimlinda.

Baba yuko hai, anapiga randa Kawangware, kituo cha 56. Bado humtaja yule jirani kwa huruma: maskini, alikwenda kutafuta kazi akapotea. Mimi huinama nikamwongezea chai. Nanyi mnaojua sasa, tafadhali, msimwambie.