Jenerali Niliyemuulia Urusi

Msomaji, nisitiri. Miaka mingi nilifundisha historia Tabora. Sasa ni mlinzi wa makumbusho hapa Toronto, kwenye chumba chenye picha ya jenerali wa Napoleon juu ya farasi. Juzi mama mmoja alisoma jina langu kifuani, akaniamkia shikamoo, akaniuliza huyu ni nani. Harufu ya chaki ikanirudia! Nikamwaga somo zima: alivyoanza kama askari wa kawaida, akapandishwa cheo Misri, akafa kwenye theluji ya Urusi.

"Mwalimu," akasema taratibu, akinionyesha kibao cha maelezo ambacho kwa ujuaji wangu sikuwahi kukisoma, "hapa wameandika alifia kitandani, uzeeni. Ndivyo nilivyojibu Kidato cha Tatu, ukanichapa viboko vitatu."