Majivu ya Uani

Nilirudi Kariakoo kutoka masomo ya juu nikiwa na tabia ambayo hadi leo sijui kama ilikuwa elimu au ugonjwa: sikutenda jambo kabla ya kulithibitisha mara tatu. Kwa hiyo mama aliponiomba nitege panya, sikutega. Nilianza kuchunguza.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita na ua mmoja. Mama alilala chumba cha mwisho, kando ya jiko, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imekufa ganzi na hakuweza kwenda mbali. Nyuma ya pipa la maji nilikuta mavi ya panya; mapya yalikuwa laini na meusi, ya zamani yalipondeka kama udongo. Ukutani palikuwa na mstari wa uchafu wenye mafuta, pale wanapopita wakijisugua. Jioni nilichekecha majivu uani, na asubuhi nikachuchumaa na daftari kuzisoma nyayo.

Mpangaji mwenzetu, mama aliyekaanga vitumbua barazani, alikuja kunisimamia na upawa wake.

"Wenzio wanatega, baba. Wewe unawaandikisha shule?"

"Shikamoo, mama. Nataka kwanza nijue njia yao."

"Marahaba. Panya hana njia, ana njaa. Weka nazi ya kuchoma, basi."

Chumbani, mama yangu alicheka mpaka akakohoa. Mtego nilikwisha kuununua. Ulikuwa juu ya kabati, ungali na mafuta ya dukani.

Asubuhi ya pili nyayo zilizunguka jiko zikaishia mlangoni kwa mama. Niliandika: "Huenda waligeuka." Nilitaka asubuhi ya tatu.

Asubuhi ya tatu majivu yalikuwa yameingia chumbani. Vialama vya kijivu vilivuka mkeka, vikapanda shuka, vikafika miguuni. Mama alikuwa macho, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshawajua?"

Kisigino chake cha kushoto kilikuwa kimeliwa. Shuka lilikuwa limelowa damu, naye hana habari. Watu husema panya huuma huku akipuliza. Kwa mama hakuhitaji hata kupuliza.

Niliushika ule mguu, nikamwambia. Aliutazama kwa muda, kama mguu wa mtu mwingine.

"Basi tega, baba," akasema.

Kutega hakukuchukua hata muda wa kuchonga penseli. Kabla ya magharibi chuma kilikuwa kimelia. Kidonda, lakini, kilichukua masika yote kufunga.

Mama hakunilaumu hata siku moja, na jambo hilo nimelifikiria kupita kiasi. Tangu hapo nilimwosha miguu kila asubuhi, nikikagua kisigino, unyayo, katikati ya vidole. Nikimaliza, nilianza tena kidole cha kwanza.