Kulabu ya Kiti cha Bembea

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu Kasulu, mtu wa Iringa niliyepangiwa huko, na mke wangu, mwenyeji wa Tanga, alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika. Basi nyumbani tuliishi roho juu, na kila jioni aliniambia, "Mume wangu, bora nikajifungulie kwa mama." Mimi sikutaka aende. Baridi ya Kasulu na nyumba tupu, hapana, nisingeweza.

Nikaamua kumpa sababu ya kubaki. Uani kulikuwa na kichanja cha mbao cha mwenye nyumba: nguzo nne, boriti za mkaratusi juu, na mapesheni yaliyotambaa yakaweka kivuli kitamu. Naukumbuka uwanja ule mpaka leo! Nikasema hapo nitaning'iniza kiti cha bembea, mgongo wake upumzike. Kiti nikamwagiza fundi Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, msukaji wa viti vya fito.

Kuning'iniza, nikajitia fundi mwenyewe. Nilikaza kulabu nene ya skrubu chini ya boriti, nikatundika gunia la maharage tangu asubuhi hadi saa tisa. Halikushuka hata kidogo. Kichwa kikanivimba.

Siku hiyo hiyo, Jumamosi, fundi akaleta kiti. Nikakitundika, nikaita kwa madaha, "Mama, njoo ukae!" Mke wangu akatoka na mto mkononi.

"Ngoja, mwalimu," fundi akasema. "Kiti ingali yangu mpaka nikae mwenyewe."

Ndiyo ilikuwa desturi yake: hakumkabidhi mtu kiti ambacho yeye hajakikalia. Mimi nikaona ni utovu wa adabu, amtangulie mke wangu kwenye kiti chake! Nikanuna waziwazi.

"Nimeshapima na gunia," nikamwambia.

"Gunia haibembei," akajibu, akakaa.

Akabembea mara moja. Mara ya pili. Ya tatu kulabu ikachomoka na kipande cha mti, fundi akaanguka chali, pu! Mke wangu alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, ameukumbatia mto.

Fundi akainuka akicheka, akajipangusa vumbi. Wala hakunisimanga, akanionyesha tu ufa kwenye boriti, mahali palepale nilipokaza. Akachagua boriti nzima, akaitoboa kwa keekee kutoka chini hadi juu, akapitisha bolti yenye pete, washa pana za chuma huku na huku, nati mbili juu. Akakishusha kiti mpaka miguu ya mkaaji iguse chini. Kisha akanivuta, tukakaa wote wawili, midume mizima, tukabembea mpaka mke wangu akacheka.

Ndipo akakaa yeye. Tanga hakuitaja tena, na mtoto wetu alizaliwa Kasulu, salama.

Jioni ile, fundi alipokwisha ondoka, nilimuuliza mke wangu kama tangu mwanzo hakuwa na wasiwasi na kazi yangu.

"Nilikuwa nao," akasema. "Ule ufa niliuona asubuhi, nikianika nguo."

"Sasa mbona ulikuwa unakuja kukaa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Si wewe uliyeniita?"

Nililia, na sioni haya kusema.