Manukato ya Maranda Kwenye Mkono wa Wifi

Kwa heshima na taadhima, gazeti hili linawatangazia wasomaji wake kwamba, baada ya maandalizi mazito, limemtuma mwandishi wake mwenye uzoefu mkubwa kuchunguza siri za manukato adimu. Uzoefu wenyewe ni wa mihula miwili kwenye gazeti la ukutani la shule. Na kusema kweli hakutumwa na mtu. Bweni limefungwa kwa likizo, na fundi anayechunguzwa ni shangazi yake, ambaye ndiye anayempa chai.

Saa moja asubuhi, fundi wa manukato amesimama ndani ya stoo ya jikoni, chumba kisichomtosha mtu na kivuli chake. Mbele yake kuna mzani mdogo kuliko sahani, chupa za kahawia zenye vizibo vyeusi, na vipande vyembamba vya karatasi ya kunusia. Anatikisa chupa moja taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke.

"Usinipumulie," anamwambia mwandishi bila kugeuka. "Umekula nini?"

"Mkate na chai, shangazi."

"Na vitunguu vya jana. Rudi nyuma, baba. Rudi tena."

Vitunguu vya nyumba hii havikai stoo. Vilihamishiwa chini ya kitanda tangu chupa zilipoingia, na mumewe, ambaye ni fundi baiskeli, hajaacha kulalamika. "Nalala juu ya vitunguu kama mlinzi wa ghala," anasema akivaa viatu. Lakini anasema huku akikunja mkono wa shati, kwa sababu leo mkono wake una kazi.

Leo jioni anakuja mwenye duka. Duka lake haliuzi yale manukato yanayopatikana kila kona. Huuza ya wachache, ambayo mtu akiyavaa hakutani na mwenzake kayavaa. Mwaka jana alichukua chupa za shangazi kwa majaribio. Kwenye karatasi zilinukia vizuri mno. Akajipaka mkononi, na kufika jioni mkono ukawa unanuka mshumaa uliozimwa.

"Alinirudishia chupa zote kwa adabu," shangazi anakumbuka. "Bora angenitukana. Adabu ile niliitafuna wiki nzima."

Mwenye duka aliahidi kurudi mara moja tu, kwa sharti moja: manukato mapya atayanusa kwenye ngozi ya mtu aliyeyavaa tangu asubuhi. "Wateja wangu hawana ngozi ya karatasi," alisema. Yakimpendeza, yatakaa kwenye rafu yake. Yasipompendeza, hatarudi.

Ndiyo maana shangazi anaipeleka chupa chumba cha pili kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji ya moto. Huko yuko wifi yake, dada wa fundi baiskeli, mshonaji, ameinamia cherehani na pini mdomoni.

"Wifi, lete mkono."

"Mkono wa kazi au wa mapambo?"

"Wa kushoto. Na leo usishike sabuni, usishike kitunguu, usijikune."

"Na kupumua je? Nako kumekatazwa?"

"Pumua upande wa dirishani."

Mikono haikuchaguliwa ovyo. Ngozi ya fundi baiskeli ni kavu, inakunywa manukato kama mchanga unavyokunywa maji. Ngozi ya wifi ina mafuta na, kwa maneno ya shangazi, inagombana na kila kitu. Ndiyo iliyoyaona mapema yale ya mshumaa. Wakati ule shangazi hakuiamini. Aliiamini karatasi.

"Nilimwambia," anasema wifi. "Nikamwambia, wifi, hiki kitu kimekufa mkononi mwangu. Akasema mimi ndiye mwenye kasoro."

"Nilikosea. Mara ngapi nikuombe radhi?"

"Mpaka gauni hili liishe kushonwa."

Kitone kimoja kinatua ndani ya kiwiko. Chumba kinajaa ndimu iliyokatwa sasa hivi na iliki iliyopondwa, vyote vikiongea kwa pamoja kama watoto waliotoka darasani. Mwandishi anatamka kwamba hayo ndiyo manukato bora kuliko yote duniani. Shangazi anacheka.

"Huo ni mlango tu, baba. Mlango mtu yeyote anaweza kuupaka rangi. Kuna manukato yanakupokea mlangoni kwa shangwe, ukiingia ndani hakuna hata kigoda. Haya yangu, ngoja uone yanakukalisha wapi."

Hakuanzia kwenye chupa za kahawia. Kwa miaka tisa alipanga sabuni kwenye maboksi kiwandani. Siku moja alimwambia msimamizi kwamba mche uliokuwa unapita ulikuwa umechacha. Msimamizi akanusa, asisikie kitu. Baada ya siku mbili kila mtu akasikia. Tangu hapo wenzake wakamwita Pua, jina ambalo analijibu mpaka leo akiwa sokoni.

Manukato anayachanganya mwenyewe, na kila mchanganyiko huachwa gizani wiki kadhaa utulie. Mwezi mzuri huuza chupa sita, nyingi kwa walimu na wauguzi. Mwezi mbaya huuza mbili, na moja kati ya hizo hununuliwa na mumewe, ambaye hujifanya amenunua kwa ajili ya mteja wa baiskeli.

Haya ya leo ameyaita Maranda. Marehemu baba yake alikuwa seremala, na shangazi alikua akifagia maranda chini ya meza yake. "Watu wanadhani nataka kunusa mbao," anasema. "Mbao peke yake ni ghala. Mimi namtaka mtu aliyeshinda na mbao: shati lake, joto lake, mchana umekwisha na amekaa." Kwa hiyo ametia sandali, mwerezi, vanila kidogo sana, kisha akasimama kabla hayajakamilika. "Nimeacha nafasi. Jasho la mtu ndilo linalomalizia. Ya mwaka jana niliyamaliza mwenyewe, yakajaa pomoni, ngozi ikakosa pa kukaa."

Kabla ya chakula cha mchana anarudi kwa wifi. Kwanza ananusa bega la gauni lake mwenyewe. Anasema pua ikitembea sana lazima ipelekwe nyumbani ipumzike. Kisha anainama kwenye kiwiko. Ndimu imeshaaga. Iliki imejikalia kimya. Mahali pake pamepanda majani ya chai makavu na asumini ya mbali, ile ya ua lililo upande wa pili wa ukuta.

"Inakwenda," ananong'ona. "Wifi, inakwenda!"

"Mkono wangu umetulia?"

"Umetulia kama bibi harusi."

Anakaa kwenye kigoda, uso umemlegea kwa raha, na kwa mara ya kwanza anataja anachokitaka. Mtaa wa nyuma kuna chumba kitupu chenye dirisha kubwa. Rafu ya mwenye duka ikimpa wateja wa uhakika, atakipanga. "Vitunguu vitarudi stoo, mume wangu atalala, nami nitafungua dirisha. Pua haitaki makubwa. Inataka hewa."

Baada ya chakula wifi anasinzia mbele ya cherehani, mkono wa kushoto umelala juu ya kitambaa. Nyumba ni kimya. Gazeti hili lilifanya kila juhudi kupata shahidi wa yaliyotokea katika dakika hizo, bila mafanikio.

Saa kumi na moja fundi baiskeli anaingia, mkono mbele kama mtu anayetoa zawadi. Shangazi ananusa na kurudi nyuma.

"Petroli!"

"Nimejisahau, mke wangu. Mnyororo uliniachia grisi mpaka kiwikoni. Nilishika kitambaa cha petroli tu, mkono ukajipangusa wenyewe."

"Hujaoa, wewe. Umeoa baiskeli."

Anasema akicheka, maana mkono wa wifi upo. Anakwenda, ananusa bega lake, anainama. Kicheko kinakatika. Ananusa tena.

"Wifi, umejipaka tena?"

"Mimi? Nikiisogelea chupa yako unanifukuza kama paka!"

"Hii ni ndimu. Ndimu ya asubuhi haiwezi kurudi jioni. Hii haijafikisha hata saa tatu." Anaunusa mkono kwa mara ya tatu. "Chini yake Maranda yapo, nayasikia. Lakini yamefunikwa."

Hodi inapigwa mlangoni. Mwenye duka amefika, mzee mwembamba mwenye koti lililopigwa pasi. Shangazi anasimama katikati ya chumba, mikono imemning'inia. Mkono mmoja una petroli, mwingine una ndimu mbichi, na mzee huyu harudi mara ya pili.

Anamkaribisha. Anapopita kumvutia kiti, anasimama ghafla. Kichwa kinageuka polepole, pua mbele, kupita cherehani, kupita mlango wa stoo, hadi kwenye kona ambako mwandishi wa habari hizi amesimama akiandika kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Baba. Njoo hapa."

Mwandishi akavutwa kwa sikio, na nyuma ya sikio hilo shangazi akanusa. Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Njoo unuse," akamwambia mwenye duka, bila kuliachia sikio.

Mzee akainama, akanusa. "Mbao," akasema. "Hapana. Mtu aliyetoka kwenye mbao." Akanyooka. "Pua yangu inasema ameyavaa tangu asubuhi. Lakini pua ilishanidanganya mwaka jana. Kijana, ulijipaka lini?"

Mwandishi alikuwa na jibu lililokomazwa na ukaguzi mwingi wa bweni: sasa hivi, mzee, kwa bahati mbaya, kizibo kilinitelezea. Jibu hilo lingemwokoa yeye. Lingeyaua Maranda. Akamtazama shangazi, na shangazi hakumsaidia hata kwa kope.

"Asubuhi," ikanitoka. "Shangazi alipokuwa chumba cha pili na chupa, nilichukua kwenye kijichupa cha akiba alichokiacha stoo. Na mkono wa wifi ni mimi vilevile, wakati amesinzia. Nilitaka kuona kama ile pua inajua saa kweli."

"Shenzi wewe!" akasema wifi, kisha akacheka mpaka pini zikamwagika.

"Na unaoga na sabuni gani?" akauliza mwenye duka.

"Ya mche, mzee. Ile ya kufulia. Ndiyo tuliyozoea bweni."

Mzee akamgeukia shangazi. "Kama yameshinda na sabuni ya mche na jasho la umri huu, wateja wangu hawatayasumbua. Niletee chupa kumi na mbili. Rafu ya mbele."

Shangazi alinusa bega la gauni lake, akakaa.

Kwa sasa anakichora kile chumba chenye dirisha nyuma ya karatasi zake za kunusia, na amenipa adhabu mbili: likizo zote shingo yangu ni mali ya kazi, na makala haya niyaandike bila kupunguza kitu. Jana nilimpelekea ayasome. Kabla hajasoma hata mstari, aliziinua karatasi puani.

"Baba," akasema, "kile kijichupa cha akiba kiko wapi?"

Kiko kwenye sanduku langu la shule, shangazi, ndani ya soksi ya kushoto. Nakileta.